Reli haifi siku moja: maneno kwa vijana wa Kalemie juu ya kutunza njia ya treni



Leo hatukuja kusema juu ya kura, wala juu ya nani anafaa kuwa guvernere. Tumekuja kusema juu ya boloni. Boloni ya reli, ile ndogo inayokaa chini, hakuna mtu anaiangalia. Na juu ya kokoto, na juu ya mfereji wa maji kando ya njia ya treni. Tunajua wengine watacheka na kusema: vijana hawa wamekosa kazi. Mutusikilize kwanza, kisha mutacheka.

Bei ya unga katika soko letu, bei ya saruji, bei ya mafuta ya ngazi, bei ya kitabu cha mtoto, zote zinapita kwenye vyuma viwili vilivyolala chini. Vyuma vile vikiwa vizima, mizigo inakuja. Vikiwa vibovu, mizigo inakaa Kabalo, na bei inapanda hapa. Mama wa soko anajua jambo hilo kuliko waziri.

Tuanze na historia, kwa kifupi. Reli ya Kabalo mpaka Kalemie iko na kilomita 273. Ilimalizika mwaka 1915, katikati ya vita ya kwanza ya dunia. Wabelgiji walikuwa na haraka, kwa sababu Wajerumani walitawala ziwa hili kwa meli zao. Mwaka ule ule boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zililetwa kutoka Kabalo mpaka hapa juu ya vagoni, kwenda kupigana ziwani. Na nani alibeba mawe na vyuma vya reli ile? Ni babu zetu, wengi wao kwa kazi ya lazima. Mwanzo, upana wa reli yetu ulikuwa mita moja kamili, wakati reli ya Katanga ilikuwa milimita 1067. Treni za pande mbili hazingeweza kupita njia moja. Njo sababu mwaka 1955 upana wa njia ya huku ukabadilishwa, toka Kindu mpaka Kalemie, zaidi ya kilomita 700, na mwaka 1956 tukaunganishwa na Kamina. Toka siku ile vagoni inaweza kutoka Kalemie na kufika Lubumbashi, Sakania, na kuvuka Zambia pasipo kushusha mzigo hata mara moja.

Fikirini kazi ile. Kusogeza chuma kimoja milimita 67, kwenye zaidi ya kilomita 700, kila boloni kufunguliwa na kufungwa tena. Kazi hiyo haikufanywa na mashini kubwa za leo. Ilifanywa na watu wenye kupangwa vizuri, wenye vifaa vilivyofika kwa wakati. Mpango kama ule njo tumekosa leo.

Sasa tuseme juu ya wafu, kwa sababu hatuna haki ya kuwasahau. Mwezi wa 8 mwaka 2007, Benaleka, katika Kasai: karibu watu 100. Mwezi wa 4 mwaka 2014, Katongola, karibu na Kamina: zaidi ya 60. Mwezi wa 11 mwaka 2017, Buyofwe, katika Lualaba: treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka katika bonde na kuwaka moto, watu zaidi ya 30. Mwezi wa 9 mwaka 2019, Mayibaridi, hapa hapa katika Tanganyika yetu: wengine tena. Mwezi wa 3 mwaka 2022, Buyofwe kwa mara ya pili: 75. Wengi wa wale 75 walikuwa wamepanda treni ya mizigo.  Wakubwa waliwaita abiria wa kujificha. Sisi tunauliza: kama treni ya abiria ingekuwa inakuja kwa siku inayojulikana, nani angepanda juu ya mzigo na kujificha?

Hatusemi kila ajali ilitoka kwa reli mbovu. Ajali iko na sababu nyingi: breki, mwendo, mzigo kupita kipimo, mlima, uchovu wa dereva. Lakini kuko sababu moja ambayo inasaidia zingine zote kuua. Njia ikiwa nzima, kosa dogo la dereva linabaki kosa dogo. Njia ikiwa mbovu, kosa dogo linakuwa makaburi.

Njia ya treni ni kitu gani? Tulienda kumuuliza mzee mmoja aliyekuwa kantonye kwa miaka mingi, ni kusema mfanyakazi wa kutunza reli. Alichora kwa kijiti katika mchanga. Akasema: watoto wangu, nyinyi munaona chuma tu. Chuma ni cha mwisho. Chini kabisa kuko udongo. Juu ya udongo kuko kokoto. Juu ya kokoto kuko traversi, zile mbao au vyuma au saruji zinazolala kwa upana. Juu ya traversi njo chuma. Kila mmoja anamubeba mwenzake. Wa chini akichoka, wote wanaanguka.

Kokoto ile haikuwekwa kwa kupamba. Inafanya kazi tatu. Inashikilia traversi zisitembee. Inagawanya uzito wa treni juu ya udongo. Na inaacha maji yapite. Kokoto ikijaa matope na majani, maji yanabaki ndani, udongo unalainika, na kila treni inayopita inasukuma matope juu. Traversi inaanza kucheza. Traversi ikicheza, boloni inalegea. Boloni ikilegea, vyuma viwili vinaachana. Na gurudumu la treni halihitaji nafasi kubwa ili lianguke katikati. Sentimita chache zinatosha.

Tulimuuliza mzee: adui wa kwanza wa reli ni nani? Tulifikiri atasema wezi, au vita. Akasema: maji. Mfereji ukiziba, hesabu siku tu.

Tena kuko jua. Chuma kinarefuka wakati wa joto. Reli ya mita 12, ikipata joto la digrii 40 zaidi kuliko asubuhi, inarefuka zaidi ya milimita 5. Njo sababu kati ya reli na reli kunaachwa nafasi ndogo, na kuko eklisi, vile vyuma viwili vya kuunganisha, vyenye boloni zake. Nafasi ikikosekana, reli inajipinda kama nyoka. Nafasi ikiwa kubwa mno, gurudumu linapiga pale kama nyundo, kila siku, mpaka chuma kinapasuka. Kantonye kazi yake ilikuwa kutembea na kuangalia hayo yote: nyundo, ufunguo wa boloni, kipimo cha upana, jembe la mfereji. Kila brigadi ilikuwa na kilomita zake, na waliishi kando ya njia. Mzee alisema alijua sauti ya reli yake kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kutunza reli ni kuziba ufa: mtu, jembe, boloni, kokoto kidogo, kila juma. Kutengeneza reli upya ni kujenga ukuta. Tumeacha ufa miaka mingi. Sasa tunaambiwa tusubiri ukuta. Basi tuhesabu pamoja ukuta ule unabeba nini.

Chukueni kilomita moja tu. Reli za kilo 40 kwa kila mita, pande mbili: ni tani 80. Traversi, moja kila sentimita 67 hivi: ni traversi 1 500. Zikiwa za saruji, za kilo 200 kila moja, ni tani 300. Kokoto, mita kibiki 1 000 tu, tena hapo hatujazidisha: ni karibu tani 1 500. Vagoni moja ikibeba tani 40, reli zinataka vagoni 2, traversi vagoni 8, kokoto vagoni 38. Jumla vagoni 48. Kwa kilomita moja.

Zidisheni kwa 273. Ni zaidi ya vagoni 13 000. Ukifanya treni za vagoni 20, ni zaidi ya treni 650 za vifaa tu, mbele ya kubeba hata mfuko mmoja wa unga.

Munaona sasa? Mukubwa akisimama mbele ya televisheni na kusema "tutatengeneza reli yote mwaka ujao", mumuulize: vagoni ngapi? Kokoto inatoka wapi? Mashini ngapi za kuvuta? Akikosa jibu, hana mpango. Iko na maneno tu.

Na hapa njo kuko fundo la jambo lote. Vifaa vya kutengeneza reli vinabebwa na nini? Na reli ile ile mbovu. Tuseme mahali pa kuvunjia mawe ni kilomita 100 toka mahali pa kazi. Kama treni inaweza kwenda kilomita 40 kwa saa, inafika kwa saa mbili na nusu, inashusha, inarudi, siku ile ile. Kama njia ni mbovu na treni inalazimishwa kwenda kilomita 10 kwa saa, kwenda ni saa 10, kurudi ni saa 10. Siku imekwisha. Treni moja kila siku, zile treni 650 ni karibu miaka miwili. Treni moja kila siku mbili, ni zaidi ya miaka mitatu na nusu. Na tena njia yetu ni moja tu: treni ya kokoto ikisimama kwa kazi, treni ya mahindi inasubiri kwenye gare. Lazima mtu akae chini na kupanga saa: saa hizi ni za kazi, saa hizi ni za mizigo, saa hizi ni za abiria. Bila hiyo, kutengeneza kwenyewe kunafunga njia.

Njo sababu wenye kujua kazi hawaanzi popote. Wanaanza na mifereji na madaraja, kwa sababu reli mpya juu ya maji ni hasara. Kisha wanaponya mahali pabaya zaidi, pale treni inapotambaa, kusudi treni za vifaa zipite kwa haraka. Kisha wanasonga mbele toka upande wa mawe, wakitembea juu ya njia ambayo wameisha kuitengeneza. Si lazima kubadilisha kila kilomita. Pengine hapa ni kokoto tu, pale ni traversi, kule ni chuma chenyewe. Lakini ili kujua, lazima kupima njia yote kwanza, kilomita kwa kilomita, na kuandika.

Kuko tena jambo la majira. Mvua yetu inaanza mwezi wa 10 na kwenda mpaka mwezi wa 4. Kazi kubwa ya udongo inataka kiangazi. Ni kusema vifaa vinapaswa kuwa tayari mbele ya kiangazi kuanza, si kuagizwa kiangazi kikiwa katikati. Reli hatuzitengenezi katika Kongo, zinatoka ngambo. Zinaweza kupitia Dar es Salaam na TAZARA, kilomita 1 860 mpaka Kapiri Mposhi, kisha Zambia, kisha Sakania: upana ni ule ule wa milimita 1067. Zinaweza kupitia Kigoma, lakini reli ya zamani ya Tanzania ya kufika Kigoma ni ya mita moja, basi mzigo unapanda meli na kushuka hapa kwenye bandari yetu. Na bandari hiyo, munaijua, ziwa likipanda inateseka. Mwaka 2024 sote tuliona maji yalivyokuja mpaka kwenye nyumba. Kwa hiyo mwenye kupanga reli lazima apange na krani, na kivuko, na mahali pa kuweka vyuma. Karatasi moja ikikwama duani, kiangazi kimepita, mwaka umepotea.

Lakini si yote yanatoka ngambo. Mawe iko kwetu. Mikono iko kwetu. Saruji, karibu tu hapa, Kabimba, kuko kiwanda. Juu ya nini tusiulize kama traversi za saruji zinaweza kutengenezwa katika jimbo letu, na vijana wetu wakafundishwa kazi hiyo? Zamani katika inchi za joto walipenda traversi za chuma kwa sababu mchwa hula mbao. Saruji mchwa hawaili. Tunajua traversi si tofali. Inataka waya wa chuma wa nguvu, kalibu sawasawa na mtu wa kupima ubora. Ni kazi ya kujifunza. Lakini ni kazi inayobaki hapa.

Tuseme juu ya makuta. Mwaka 2010 Banki ya Dunia ilikubali mradi wa usafiri wa dolari milioni 255 kwa Kongo, na sehemu kubwa ilikuwa ya reli. Leo kila mtu anazungumza juu ya Lobito: upande wa Angola reli ya kilomita 1 300 hivi ilitengenezwa upya kisha vita, na toka mwaka 2023 iko mikononi mwa makampuni kwa mkataba wa miaka 30. Inangojea shaba ya Kolwezi. Ni vizuri. Inchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, na nyingi inapita barabarani kwa malori. Lakini tusidanganyike. Reli ya shaba itapata rafiki popote duniani. Reli ya unga wa Kalemie, Nyunzu, Kongolo na Kindu, rafiki yake ni nani? Ni sisi. Tukinyamaza, hakuna mwingine.

Na mradi hata ukija, mradi uko na siku ya kuisha. Wanakata utepe, wanapiga picha, wanaenda. Kisha mvua ya kwanza inakuja. Nani atafungua mfereji? Kama hakuna kantonye, kama kantonye hajalipwa, reli mpya itazeeka kama mtoto asiyelishwa. Makuta ya kutengeneza bila makuta ya kutunza ni kumwaga maji katika kikapu.

Sasa, wandugu, tugeuze kioo upande wetu. Kusema juu ya wakubwa ni rahisi. Nani anang'oa boloni na kuziuza kwa wanunuzi wa mitraye? Si wazungu. Nani anatupa takataka katika mfereji wa reli? Nani anajenga nyumba mita mbili toka kwenye njia, na kuchimba udongo wa matofali chini ya traversi? Nani anapanga soko juu ya reli na kukimbia na vikapu wakati treni inapiga filimbi? Tunajua umaskini uko. Lakini boloni moja inauzwa kwa makuta ya sigara chache, na inaweza kumuua mama yako anayetoka Nyunzu na mihogo. Mwenye kununua boloni ile ni mwenye kosa kuliko kijana aliyeiuza, na tutamwambia hivyo mbele ya watu.

Basi tunaomba nini? Tumeandika mambo sita.

Moja: orodha ya njia yote ya Kabalo mpaka Kalemie itangazwe wazi, kila kipande: hali yake, mwendo unaoruhusiwa, kitu gani kinakosekana, kimepangiwa tarehe gani. Ibandikwe kwenye kila gare, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Mbili: kila mwaka, katika bajeti ya Serikali, kuwe makuta ya kutunza reli, mbali na makuta ya kutengeneza upya. Na tuonyeshwe yametoka ao hayakutoka.

Tatu: brigadi za makantonye zirudi, na vijana wa vijiji vya kando ya njia waajiriwe, wafundishwe na wazee ambao bado wako hai. Walipwe mwezi kwa mwezi. Wazee wale wakienda, wataenda na elimu yao.

Ine: treni ya abiria iwe na siku na saa inayojulikana, hata kama ni mara moja kwa juma. Mtu akijua siku, hatajificha juu ya mafuta.

Tano: kununua chuma cha reli kuadhibiwe kweli, kuanzia na munununuzi mukubwa.

Sita: depite wa Tanganyika wafike, wapande treni, si ndege, kisha watuambie wameona nini.

Na sisi tutafanya nini? Toka jumamosi ijayo, kila mtaa unaopakana na reli utachagua vijana kumi. Tutasafisha mifereji ya upande wetu, tukisha kuomba ruhusa kwa shefu wa gare. Hatutagusa boloni, hatutagusa kokoto. Hiyo ni kazi ya wenye kufundishwa. Tutatoa majani na plastiki, tutaandika tarehe na mahali, tutapiga picha. Tukiona boloni imekosekana, tutapeleka habari kwa maandishi na kubaki na nakala. Kisha mwezi, tutauliza: mumefanya nini? Kisha miezi miwili, tutauliza tena.

Kuko wengine wametuambia: fungeni reli, wakubwa watasikia. Hapana. Kufunga reli ni kumfunga mama wa soko shingo. Hatutaweka jiwe hata moja juu ya njia. Nguvu yetu ni kuandika, kuhesabu, kusimama, na kurudi kesho.

Babu zetu walijenga njia hii kwa kulazimishwa, na haikuwa yao. Sisi ni wa kwanza kuwa na nafasi ya kuitunza kwa kupenda, kwa sababu ni yetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jumamosi, saa moja ya asubuhi, leteni majembe.